Aljebra iliyojificha ndani ya dhahabu ya Geita

MCHIMBAJI mdogo anayetoka Nyarugusu au Rwamagasa na kipande cha dhahabu alichokihangaikia kwa miezi kadhaa, akifika katika soko la madini mjini Geita halazimiki tena kutegemea jicho la mnunuzi. Kipande chake hupimwa uzito, kisha huwekwa chini ya mashine ya eksirei, na baada ya muda mfupi hutokea tarakimu zinazoonyesha ni asilimia ngapi ya kipande hicho ni dhahabu halisi, ni kiasi gani ni madini ya fedha na ni kiasi gani ni shaba.

Tarakimu hizo ndizo zinazoamua kila kitu. Katika kipande cha gramu 100, tofauti kati ya asilimia 92 na asilimia 88 ni gramu 4 za dhahabu, na kwa mtu aliye duarani gramu 4 ni malipo ya karasha, ni chakula cha vijana wake, ni deni la mwenye pampu ya maji. Serikali nayo inaziangalia tarakimu hizohizo, kwa kuwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na mrabaha haukokotolewi kwa uzito wa uchafu.

Kabla ya masoko ya madini kuanzishwa mwaka 2019, wachimbaji wengi waliwauzia madalali, na mwenye mizani ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mashine imepunguza ubishi huo. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza mashine hiyo inajuaje kwamba hii ni dhahabu na ile ni shaba, na kwa nini mashine iliyotengenezwa ng'ambo isome sawasawa jiwe lililolala chini ya ardhi ya Geita kwa zaidi ya miaka bilioni mbili.

Jibu lake linapita katika tawi la hisabati ambalo jina lake halisikiki sana nje ya vyuo vikuu, nalo ni aljebra za Lie. Jina hilo hutamkwa "Li", na ni la Sophus Lie, mwanahisabati wa Norway aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki dunia mwaka 1899.

Lie alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu na mpenda safari za miguu. Mwaka 1870 alikuwa Ufaransa vita ilipozuka kati ya nchi hiyo na Prussia. Aliamua kuondoka kwa miguu kuelekea Italia, lakini hakufika mbali. Alikamatwa karibu na mji wa Fontainebleau, na askari walipompekua walikuta karatasi zilizojaa alama wasizozielewa, wakaamini kuwa ni ujumbe wa siri wa jasusi wa Kijerumani. Alikaa mahabusu kwa takribani mwezi mmoja, hadi mwanahisabati wa Ufaransa, Gaston Darboux, alipofika kuwathibitishia wakubwa kwamba zile zilikuwa hesabu na si siri za jeshi.

Karatasi za namna hiyo ndizo zilizokuja kuzaa nadharia ya ulinganifu unaokwenda hatua kwa hatua. Ili kuielewa, inafaa kuanza na almasi.

Mwadui, mkoani Shinyanga, ndiko mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alikogundua mwaka 1940 mwamba wa almasi ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Almasi ghafi mara nyingi hutoka ardhini ikiwa na umbo la piramidi mbili zilizounganishwa vitako, yaani umbo la nyuso nane. Ukilishika umbo hilo kwa ncha zake za juu na chini na kulizungusha digrii 90, litaonekana kama halikuguswa. Ukilizungusha digrii 180, ni vilevile. Kitendo kama hicho, kinachobadilisha kitu lakini kikakiacha kilivyokuwa, ndicho wanahisabati wanachokiita ulinganifu.

Vitendo vyote vya aina hiyo kwa fuwele ya almasi, pamoja na vile vya kuigeuza kama katika kioo, vinahesabika. Ni 48, havizidi wala havipungui. Lakini ukiizungusha almasi hiyo digrii 10 tu, umbo linakwenda upande na jicho linagundua mara moja. Ulinganifu wa almasi ni wa kurukaruka, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Itakumbukwa kuwa almasi mashuhuri zaidi ya Mwadui, ile ya waridi yenye karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947 na kupewa Elizabeth, wakati huo Binti Mfalme wa Uingereza, rangi yake haikutokana na ulinganifu bali na kuharibika kwake. Wataalamu wanaeleza kuwa almasi nyingi za waridi zilipata rangi hiyo baada ya safu zake za atomi kukandamizwa na kuteleza huko chini kabisa ya ardhi. Kwa maneno mengine, kilichoongeza thamani yake ni kasoro.

Sasa uchukue mpira, au chungu kilichofinyangwa vizuri. Chungu ukikizungusha digrii 90 hakibadiliki, ukikizungusha digrii 10 hakibadiliki, na hata sehemu ya elfu ya digrii haileti tofauti. Hapa hakuna kuruka, ni kuteleza. Ulinganifu wa aina hii una vitendo visivyo na idadi, na kwa muda mrefu ulionekana kuwa mgumu kushughulikiwa kwa sababu hiyo hasa.

Fikra ya Lie ilikuwa nyepesi ukishaiona. Alisema usihangaike na mizunguko yote, bali angalia hatua ndogo kabisa ya kuanzia. Anayejua namna ya kupiga hatua ya kwanza anaweza kuirudia mara elfu na akafika kokote. Kwa mpira, hatua za kuanzia ni tatu tu, moja kwa kila mhimili. Kuna kuzungusha kama pia, kuna kuinamisha mbele na kuna kuinamisha upande. Vitu visivyo na idadi vimekuwa vitatu.

Bado kuna jambo moja. Msomaji anaweza kulijaribu sasa hivi kwa kitabu au sanduku la kiberiti. Liweke mezani, ligeuze digrii 90 kwa kuliinamisha mbele, kisha digrii 90 kwa kuliinamisha upande wa kulia. Kumbuka lilivyokaa. Lirudishe mwanzo na ufanye yaleyale kwa kupindua mpangilio, kulia kwanza na mbele baadaye. Sanduku halitakaa vilevile. Katika kuhesabu fedha, 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3, lakini katika kugeuza vitu, kinachotangulia kina maana.

Tofauti hiyo inapimika. Kwa mizunguko ya digrii 90, njia hizo mbili zinaachana kwa digrii 120 kamili. Kwa mizunguko midogo ya digrii 10, zinaachana kwa karibu digrii 1 na robo tatu tu, na hapo linajitokeza jambo la kustaajabisha kwamba tofauti hiyo yenyewe ni mzunguko, na ni mzunguko wa kuzunguka mhimili wa tatu, ule ambao haukuguswa. Kuinamisha mbele na kuinamisha upande, vikigombania nafasi ya kutangulia, huzaa kuzunguka kama pia.

Kanuni hiyo ya "hatua hii na hatua ile zikipishana huzaa hatua gani" huitwa mabano ya Lie, na orodha ya hatua za kuanzia pamoja na mabano yake ndiyo aljebra ya Lie. Aljebra ya mizunguko ina hatua tatu na mabano matatu. Inaweza kuandikwa nyuma ya tiketi ya basi, na nafasi ikabaki.

Lie mwenyewe hakuwa akifikiria atomi. Alitaka kupata njia moja ya kutatua milinganyo migumu inayoeleza mabadiliko ya vitu. Walioifanya kazi yake kuwa jengo zima walikuwa wengine, na wa kwanza wao alikuwa Wilhelm Killing, mwalimu katika chuo cha Braunsberg, mji mdogo wa Prussia Mashariki uliokuwa mbali na vyuo vikuu vyenye majina. Kati ya mwaka 1888 na 1890, Killing alichapisha orodha ya aljebra zote za aina hiyo zisizoweza kuvunjwa vipandevipande. Kuna familia nne zisizo na mwisho, na nje yake kuna tano tu za pekee, ambazo kubwa kuliko zote ina hatua za kuanzia 248. Uthibitisho wake ulikuwa na mapengo, na Mfaransa Élie Cartan ndiye aliyeyaziba mwaka 1894. Huko pembezoni, bila maktaba ya maana, mtu alikuwa amehesabu aina zote za ulinganifu wa kuteleza ambazo akili ya binadamu itawahi kukutana nazo. Si jambo dogo.

Fizikia ilikuja kugonga mlango wa hisabati hii katika miaka ya 1920, ilipogundulika kuwa atomi haina juu wala chini. Kiini cha atomi huvuta elektroni kwa nguvu ileile kila upande, kwa hiyo atomi, kama mpira, ina ulinganifu wa mizunguko, na elektroni zake hazina budi kutii aljebra ile ya hatua tatu.

Matokeo yake ni makali kuliko inavyotarajiwa. Mabano yale matatu yenyewe, bila msaada wa kipimo chochote cha maabara, yanalazimisha makao ya elektroni yawe katika mafungu ya nafasi 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Fungu la nafasi 2 au 4 halipatikani kwa mwendo wa kuzunguka kiini. Kisha kila elektroni ina mzunguko wake wa ndani, uitwao spini, ambao aljebra hiyohiyo inaupa nafasi 2 tu, kwa hiyo mafungu yanakuwa mara mbili, yaani 2, 6, 10 na 14.

Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kukariri jedwali la elementi anazifahamu namba hizo hata kama hakuambiwa zilikotoka. Upande wa kushoto wa jedwali kuna safu 2, upande wa kulia kuna safu 6, katikati kuna safu 10, na chini kabisa kuna mistari miwili ya elementi 14 iliyotengwa kama wageni. Jedwali lile ambalo shuleni huonekana kama orodha ya kuumiza kichwa, ni aljebra ya mizunguko iliyochorwa ukutani.

Dhahabu ni elementi ya 79. Hesabu yake inakwenda hivi: elektroni 54 zimejaa ndani kama za gesi ya zenoni, halafu kuna fungu kamili la 14, halafu fungu kamili la 10, na nje kabisa kuna elektroni 1 peke yake. Ukijumlisha, 79. Madini ya fedha ni 36, 10 na 1, jumla 47. Shaba ni 18, 10 na 1, jumla 29. Yote matatu yana elektroni moja ya nje juu ya fungu lililojaa la kumi, na ndiyo sababu yanakaa katika safu moja ya jedwali, yote yanapitisha umeme vizuri na yote yalifaa kwa sarafu tangu kale.

Turudi sokoni. Mashine ya eksirei hupiga kipande cha dhahabu kwa miale inayong'oa elektroni zilizo karibu na kiini. Pengo likitokea, elektroni ya tabaka la juu hushuka kuliziba, na nishati inayobaki hutoka ikiwa mwale mpya. Mashine husoma nishati ya mwale huo kwa kizio kiitwacho kiloelektronivolti. Dhahabu hutoa mwale wa 9.71 na mwingine wa 11.44, shaba hutoa wa 8.05, na madini ya fedha hutoa wa 22.16. Ni kama kila elementi ina sauti yake, na mashine ni sikio.

Elektroni haishuki kutoka popote. Nayo ina masharti. Mwale unaotoka hubeba sehemu ya mzunguko, na aljebra inadai hesabu ya mzunguko iwiane kabla na baada, kwa hiyo elektroni inaweza kushuka kutoka fungu la 3 kwenda fungu la 1, au kutoka fungu la 5 kwenda la 3, lakini haishuki kwa njia hiyo kutoka fungu la 1 kwenda fungu jingine la 1. Bila masharti hayo, mashine ingepokea kelele za miale ya kila namna na mpimaji asingejua ashike lipi aache lipi. Mistari ni michache na iko wazi kwa sababu ulinganifu umefunga njia nyingine.

Uwiano huo wa kabla na baada una historia yake. Mwaka 1918, mwanahisabati wa Ujerumani, Emmy Noether, alichapisha uthibitisho kwamba kila ulinganifu wa kuteleza katika sheria za maumbile una kitu chake kisichopotea. Kwa kuwa sheria hazijali pande, kiasi cha mzunguko hakipotei. Kwa kuwa hazijali leo ni leo au ni kesho, nishati haipotei. Hilo la pili ndilo linaloiwezesha mashine iliyopimwa usahihi wake mwaka jana kusoma vilevile leo, nalo la sheria kutojali mahali linajibu swali la mashine ya ng'ambo na jiwe la Geita. Noether alifanya kazi kubwa kiasi hicho wakati chuo kikuu cha Göttingen kilikuwa bado hakijamruhusu, kwa kuwa ni mwanamke, kufundisha kwa jina lake mwenyewe.

Hadi hapo kila kitu kimekwenda vizuri, isipokuwa jambo moja ambalo hata mtoto wa Katoro anaweza kuliona. Ikiwa dhahabu na madini ya fedha vimepangwa namna moja, kwa nini kimoja ni cheupe na kingine ni cha njano?

Aljebra ya mizunguko peke yake haina jibu. Ukifanya hesabu kwa kuitumia hiyo tu, dhahabu inatoka nyeupe, na vito vya maharusi wa nchi nzima visingekuwa na rangi tunayoijua. Kinachokosekana ni ulinganifu mwingine, ule alioueleza Albert Einstein mwaka 1905, kwamba sheria za maumbile ni zilezile kwa aliyesimama na kwa aliye katika mwendo usiobadilika. Sarafu ikimdondoka abiria ndani ya basi linalokwenda kwa kasi ileile kutoka Shinyanga hadi Kahama, inaanguka miguuni pake, haiachwi nyuma. Nayo kasi ya mwanga ni moja kwa wote.

Ulinganifu huo nao unateleza, kwa hiyo una aljebra yake ya Lie, iitwayo aljebra ya Lorentz. Hatua zake za kuanzia ni sita, yaani mizunguko mitatu ya zamani na mabadiliko matatu ya mwendo, moja kwa kila mhimili. Mabano yake yana kituko chake. Ukibadili mwendo kuelekea mbele kisha kuelekea kulia, na mtu mwingine akaanza na kulia kisha mbele, tofauti yenu si ya mwendo bali ni ya mzunguko. Katika mabasi jambo hilo ni dogo mno haliwezi kuonekana. Ndani ya atomi nzito si dogo hata kidogo, na mwaka 1926 mwanafizikia Llewellyn Thomas alionyesha kuwa linarekebisha kwa nusu nzima hesabu ya jinsi spini ya elektroni inavyoshikana na mwendo wake. Kushikana huko ndiko kunakoligawa tabaka la pili la dhahabu katika ngazi mbili zilizoachana, na ndiko kunakoiachanisha kiasi hicho miale ile miwili ya 9.71 na 11.44 inayosomwa sokoni.

Kiini cha dhahabu kina protoni 79, na mvuto wake unazilazimisha elektroni za ndani kabisa kwenda kwa takribani asilimia 58 ya kasi ya mwanga. Katika madini ya fedha ni asilimia 34 hivi. Kwa kasi ya dhahabu, elektroni inakuwa nzito kwa zaidi ya moja ya tano, na makao yake yanajikunyata karibu na kiini. Elektroni ile moja ya nje nayo, ambayo hupita karibu na kiini katika mwendo wake, inavutwa ndani, wakati fungu la kumi linasukumwa juu kidogo. Nafasi kati yao inapungua hadi inatosha kumezwa na mwanga wa buluu. Katika madini ya fedha nafasi hiyo ni pana, inahitaji mwanga usioonekana kwa macho, kwa hiyo rangi zote zinarudishwa na jicho linaona weupe. Dhahabu inameza buluu na kurudisha nyekundu na njano.

Wenyewe walioijenga nadharia hawakulitarajia hilo. Paul Dirac, aliyetoa mwaka 1928 mlinganyo wa elektroni unaotii aljebra ya Lorentz, aliandika mwaka uliofuata kwamba athari za kasi kubwa hazina umuhimu katika kemia ya kawaida. Ilichukua hadi miaka ya 1970 kwa watafiti kama Pekka Pyykkö wa Finland kuonyesha kuwa kwa elementi nzito sivyo. Muda wote huo dhahabu ilikuwa vidoleni mwa watu.

Jirani wa dhahabu katika jedwali ni elementi ya 80, zebaki, na huyo anafahamika mno katika mialo ya Geita na Kahama. Elektroni zake mbili za nje nazo zimevutwa ndani kwa sababu ileile, kiasi kwamba atomi za zebaki hazishikani sawasawa, na matokeo yake ni kimiminika. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilionyesha kwa hesabu za kompyuta kuwa bila athari hiyo zebaki ingeyeyuka kwa joto lililo juu zaidi kwa nyuzi zaidi ya 100. Ingekuwa kipande kigumu mezani, hata kwa jua la Shinyanga.

Ni kwa sababu ni kimiminika ndipo mchimbaji anaweza kuimimina katika mchanga uliosagwa na kukamatisha dhahabu. Na ni kwa sababu ndipo anaichoma, mara nyingi uani mwa nyumba, na mvuke wake kuingia katika mapafu yake, ya mkewe na ya watoto walio karibu. Sumu hiyo hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mtoto aliye tumboni madhara yake hayarekebishiki. Kijiji cha Rwamagasa kilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa katika miaka ya 2000 na mradi wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa (UNIDO) kuhusu zebaki kwa wachimbaji wadogo, na mwaka 2013 dunia ilipitisha Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti. Chombo cha kunasa mvuke wakati wa kuchoma si cha gharama kubwa, na zebaki inayonaswa hutumika tena. Kinachokwamisha ni mazoea, na ukweli kwamba madhara hayaonekani siku hiyohiyo.

Wanafizikia hawakuishia kwenye atomi. Mwaka 1961 Murray Gell-Mann wa Marekani na Yuval Ne'eman wa Israel, kila mmoja kivyake, waligundua kuwa chembe ndogo zilizokuwa zikimiminika kutoka maabara, hadi wataalamu wakachoka kuzipa majina, zinapangika kwa aljebra moja ya hatua nane iliyokuwa imekaa katika orodha ya Killing kwa miaka 70. Mpangilio mmoja ulikuwa na pengo. Gell-Mann alitabiri chembe inayokosekana, na mwaka 1964 ilipatikana katika maabara ya Brookhaven ikiwa na sifa zilizotabiriwa. Leo nguvu za ndani ya atomi zinaelezwa kwa aljebra tatu zenye hatua 8, 3 na 1, jumla 12, na wabebaji wa nguvu hizo waliopatikana ni 12.

Ne'eman alikuwa mwanafunzi wa Abdus Salam, Mpakistani aliyefundisha London na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuunganisha nguvu mbili kati ya hizo. Salam aliumia kuona kijana wa nchi maskini akilazimika kuchagua kati ya fizikia na nchi yake, kama ilivyomlazimu yeye, na mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa mjini Trieste, Italia, ambako wanasayansi wa Afrika wamekuwa wakienda kusoma na kurudi. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina taasisi yake kwa ajili ya Afrika Mashariki mjini Kigali, Rwanda. Kwa mwanafunzi wa Geita, aljebra za Lie sasa zinafundishwa katika nchi jirani, ng'ambo ya mto Kagera.

Kuhusu mashine ya sokoni, iko haja ya kuitahadharisha imani iliyozidi. Mwale unaotoka ndani sana ya kipande humezwa na dhahabu yenyewe kabla haujafika nje, kwa hiyo mashine husoma ngozi tu, unene ulio chini ya ule wa unywele wa binadamu. Tangsteni ina uzito kwa ujazo unaokaribia kabisa ule wa dhahabu, gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na kipande chake kikifunikwa kwa dhahabu nene kinaweza kuidanganya mizani, maji na eksirei kwa pamoja. Hakiwezi kuudanganya moto. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 na tangsteni kwa nyuzi 3,422, kiwango ambacho tanuru la sonara halikifikii, na ndiyo maana mpimaji makini hukiyeyusha kipande kwanza, akakikoroga, akakiacha kipoe, ndipo akakipeleka kwenye mashine.